Somo: Kuusoma Wasifu wa Wakili wa Mashauri ya Madai

Huduma ya wakili hununuliwa kama huduma nyingine, lakini kasoro zake huchelewa kuonekana. Fundi akijenga ukuta mbovu, nyufa humsema. Wakili akikosea hatua ya kwanza ya shauri, mteja anaweza kukaa miezi mingi akiamini kwamba mambo yanakwenda vema, hadi siku Mahakama inapolitupa shauri lenyewe. Kwa sababu hiyo, tunamshauri kila mwananchi autazame wasifu wa wakili kabla ya kumkabidhi nyaraka na fedha. Somo hili linahusu utaratibu wa Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake.

Njia ya kuufikia uwakili

Kila wakili ni mwanasheria, lakini si kila mwanasheria ni wakili. Mtu huanza kwa kupata shahada ya sheria katika chuo kikuu. Elimu hiyo ina historia ndefu nchini: Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Baada ya shahada, mhitimu husoma katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko hufundishwa namna ya kuandaa hati, kuhoji mashahidi na kumhudumia mteja kwa uadilifu. Mawakili waliotangulia taasisi hiyo walipitia utaratibu mwingine.

Anayefaulu hukubaliwa na Jaji Mkuu, na jina lake huingizwa katika Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Hata hivyo, kuwamo daftarini hakutoshi. Wakili anapaswa kuwa na cheti hai cha kufanya kazi, ambacho huhuishwa kila mwaka. Mwananchi anaweza kulitafuta jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, au kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika. Uchunguzi huu mdogo ndio kinga ya kwanza dhidi ya vishoka, yaani watu wanaojiita mawakili pasipo kuwa na sifa hizo.

Kazi yake hasa ni ipi?

Katika shauri la jinai, kwa kawaida Serikali ndiyo hushtaki. Katika shauri la madai, mdai mwenyewe ndiye hubeba mzigo: deni lisilolipwa, kiwanja kilichovamiwa, mkataba uliovunjwa, au fidia ya madhara. Anayedai hana budi kuthibitisha, na Mahakama hupima ushahidi wa upande upi una uzito zaidi.

Kazi kubwa ya wakili wa madai hufanyika kabla ya kusimama mbele ya hakimu au jaji. Yeye ndiye huamua nani ashtakiwe, katika mahakama ipi kulingana na thamani na aina ya madai, na kwa vielelezo gani. Ikiwa mdaiwa ni Serikali, notisi ya siku 90 hutangulia. Shauri likifunguliwa, huja majibu ya mdaiwa, usuluhishi, usikilizwaji, kisha hukumu. Baada ya hukumu ipo kazi ya kuikazia, kwa maana hukumu isiyotekelezwa haimlipi mtu deni lake.

Kwa hiyo, ufasaha wa kusema si kipimo pekee cha ubora. Wakili aliyejipatia sifa katika kesi za mauaji anaweza kuwa hodari kweli, na bado akawa mgeni katika mashauri ya ardhi au ya mikataba.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyeuza saruji kwa mkopo. Malipo yalipaswa kufanyika tarehe 10 Machi 2019, lakini mnunuzi hakulipa. Kila alipokumbushwa kwa simu, alijibu kwamba atalipa mwezi ujao. Sheria ya Ukomo wa Muda inaruhusu miaka 6 kwa madai yatokanayo na mkataba, miaka 3 kwa madhara yasiyotokana na mkataba, na miaka 12 kwa madai ya kurejeshewa ardhi. Shauri lililofunguliwa baada ya muda huo hutupwa, hata kama mdaiwa hakulalamikia ucheleweshaji.

Mfanyabiashara huyo anafika kwa mawakili wawili mwanzoni mwa mwaka 2025. Wa kwanza anamhakikishia ushindi na kudai malipo ya awali. Wa pili anauliza deni lilipaswa kulipwa lini. Kisha anauliza kama mnunuzi aliwahi kulipa sehemu ya deni, au kuandika barua yenye saini akilikiri. Anauliza hivyo kwa kuwa ukiri wa namna hiyo, ukitolewa kabla muda haujaisha, huufanya muda uanze kuhesabiwa upya. Ahadi za mdomo hazina nguvu hiyo. Maswali hayo hayampendezi mteja kama ahadi ya ushindi, lakini ndiyo yanayoweza kuliokoa deni lake.

Hapo ndipo uzoefu unapoonekana. Miaka mingi kazini ni jambo jema, lakini la muhimu zaidi ni kujua miaka hiyo ilitumika katika mashauri ya aina gani.

Mambo ya kuuliza kabla ya kukubaliana

1. Je, una cheti hai cha mwaka huu?
2. Umeendesha mashauri mangapi yanayofanana na langu, na katika mahakama zipi?
3. Ukomo wa muda wa madai yangu ni lini?
4. Udhaifu wa shauri langu uko wapi?
5. Nani ataniwakilisha siku ya shauri, wewe au mwenzako?
6. Ada ni kiasi gani, italipwa kwa awamu zipi, na nikishindwa naweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili?

Makubaliano ya ada yaandikwe, na kila malipo yapewe risiti. Mteja abaki na nakala za nyaraka zake zote, wala asitie saini hati asiyoielewa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Wakili hana sababu ya kushindwa kumweleza mteja shauri lake kwa lugha hiyo.

Asiyeweza kulipa ada aulize kuhusu msaada wa kisheria unaotolewa chini ya sheria ya mwaka 2017. Mwenye malalamiko ya utovu wa maadili anaweza kuyapeleka kwenye Kamati ya Mawakili, yenye mamlaka ya kumwonya wakili, kumsimamisha au kuliondoa jina lake daftarini. Lakini adhabu ya wakili haifufui shauri lililokwisha muda. Ndiyo maana tunasisitiza uchunguzi ufanyike mapema.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya mwanasheria na wakili?
2. Kwa nini ahadi za simu hazikumsaidia muuza saruji?
3. Chukua mkataba mmoja ulio nao nyumbani. Ukivunjwa leo, mwisho wa kufungua shauri utakuwa lini?