Rangi ya Kucha na Udhu Wako



Muhula uliopita, usiku wa kuamkia harusi ya rafiki yetu, tulikaa watatu chumbani hosteli tukapakana rangi ya kucha. Kichupa tulikinunua soko la Owino kwa bei ya chapati mbili. Isha tulikuwa tumeshaswali. Alfajiri adhana ilipolia, mwenzetu mmoja alitazama vidole vyake akasema, "Hii nitailipa. Siwezi kutoa rangi kabla ya harusi." Akalala. Adhuhuri ikapita, Alasiri ikapita. Mimi nilitawadha juu ya rangi nikaswali, na moyo haukutulia. Somo hili limetokana na siku ile.

Tatizo liko wapi?

Mwanamke kujipamba si haramu, maadamu anachunga mipaka ya Surat an-Nur aya ya 31. Tatizo la rangi ni utando. Rangi ya kawaida ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika vimiminika vinavyokauka upesi, na hivyo ndivyo vyenye ile harufu kali. Vikishakauka, juu ya ukucha hubaki utando mgumu unaozuia maji.

Katika Surat al-Maida aya ya 6 tumeamrishwa kuosha mikono hadi viwiko na miguu hadi vifundo. Ukucha ni sehemu ya kiungo hicho. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Umar bin al-Khattab (R.A.) kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mahali pa kiasi cha ukucha mguuni, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru arudi akatawadhe vizuri. Ikiwa pahali pamoja pa ukucha palimrudisha, vipi kucha kumi?

Hina ni tofauti. Ukishabandua ule ujiuji na kuosha, hubaki rangi tu ndani ya ukucha, si utando. Lakini dada, jihadhari na ile nyeusi iliyochanganywa dawa ya nywele. Huweza kuunguza ngozi.

Kaka nao wasicheke. Rangi ya ukuta, gundi na saruji iliyokauka mikononi vina hukumu hiyo hiyo.

Masuala tunayoulizana

Nikipaka nikiwa na udhu? Kupaka hakutengui udhu. Swali nao mpaka utenguke, kisha uondoe rangi kabla ya kutawadha tena.

Nikiwa katika hedhi? Paka, kwa kuwa huswali. Ila iondoe kabla ya josho, maana josho nalo linataka maji yafike mwili mzima.

Nimemaliza udhu, nikaona tone kwenye kidole cha mkono? Kwa madhehebu ya Shafi, liondoe, osha pahali pale, kisha upake kichwa na uoshe miguu ili utaratibu ukae sawa. Kama ni kidole cha mguu, osha pale tu kama ni kiungo cha mwisho, yaani mguu wa kushoto. Kama ni wa kulia, kuosha pale kunatosha vilevile, kwani kutanguliza kulia ni sunna.

Si sawa na kupaka maji juu ya khofu? Hapana. Khofu ni ruhusa ya miguu yenye dalili yake na muda wake: mchana na usiku mmoja kwa mkazi, siku tatu kwa msafiri. Kucha hazikupewa ruhusa hiyo.

Na rangi zinazouzwa kwa jina la kupitisha maji? Sharti ni maji yafike kwenye ukucha wenyewe. Maandishi ya kichupani peke yake hayakupi yakini. Ukiwa na shaka, iondoe.

Niliyoswali nayo? Irudie. Mimi nilizirudia zangu.

Namna ya kupaka bila kupoteza swala

Usinunue rangi bila kununua na asetoni ya kuitolea. Sisi tulinunua kichupa tu, ndipo yakatukuta. Paka tabaka nyembamba, hukauka upesi na hutoka kwa urahisi. Wakati mzuri ni baada ya udhu wa Magharibi. Utaswali nao Isha ukiuhifadhi, na kabla ya kulala utaitoa. Kwa kuitoa, lowesha pamba, igandamize juu ya ukucha kidogo, kisha ufute na unawe kwa sabuni. Fungua dirisha, na usikae karibu na sigiri, kwani asetoni hushika moto haraka.

Asetoni ikikuishia, paka rangi mpya juu ya ile kavu na uifute hapo hapo kabla haijakauka. Ile mpya huiyeyusha ya zamani. Rudia mpaka kucha ziwe safi.

Na kama wakati unatoka nawe huna njia ya kuitoa? Usiiache swala. Tawadha uwezavyo, swali kwa kuheshimu wakati, kisha irudie ukishaiondoa rangi.

Mwenzetu alizilipa zile swala tatu usiku baada ya harusi. Lakini kulipa hakufuti dhambi ya kuchelewesha makusudi, na hilo linahitaji toba. Nami nina fungu langu, kwa sababu nilikuwa macho alfajiri ile na sikumwambia neno. Ukimwona mwenzako hosteli anaiacha swala kwa ajili ya kucha, mpelekee asetoni yako.

Mwenyezi Mungu atutakabalie. Wallahu a'lam.