Mpaka wa Serikali na Safari ya Sharia

Tumeulizwa na baadhi ya wanafunzi wa darsa yetu mas'ala ambayo yamezidi kutokea, kwa kuwa watu wa pwani yetu wanasafiri sana kwa mabasi kwenda Tanga na Dar es Salaam, na wengine hufika hata Kampala. Muulizaji asema: "Mimi hutoka Mombasa kwenda Dar es Salaam. Je, nianze kupunguza sala tangu huku kwetu, au mpaka nivuke mpaka wa Lunga Lunga na pasipoti yangu itiwe muhuri?" Na mwengine auliza habari za sala zinazompita ndani ya basi, kwani dereva hasimami.

Suali la kwanza laonyesha jinsi mambo ya serikali yalivyochanganyika na mambo ya dini katika vichwa vya watu. Mstari huo uliwekwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, walipopatana kuwa uanze mlango wa mto Umba, huko Vanga, uizunguke Kilimanjaro na ufike ziwa Victoria. Wenyeji hawakushauriwa. Wadigo walilala ni watu wamoja, wakaamka wako huku na huku. Hatusemi kwamba mtu asiufuate utaratibu wa mpaka; serikali ina haki ya kumjua aingiaye na atokaye. Tusemalo ni kwamba Sharia ilipoweka hukumu za msafiri haikutazama mstari wa namna hiyo hata kidogo. Ilitazama urefu wa njia na kuuacha mji.

Urefu wa njia, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, ni marhala mbili, nazo ni farsakh 16. Wanavyuoni wa zama zetu wamezikadiria kuwa ni kilomita 80 na kitu. Basi mtu wa Lunga Lunga akienda Horohoro kununua bidhaa zake na kurudi, amekwenda nchi nyengine, lakini si msafiri. Atasali Adhuhuri rakaa nne kama jirani yake aliyebaki nyumbani. Na mtu wa Mombasa aendaye Malindi hakuonyesha hati yoyote kwa mtu yeyote, naye ni msafiri khasa, kwani njia yake yapita kilomita 100.

Wala hangojei mpaka azimalize hizo kilomita 80 ndipo aanze kupunguza. Madhali amekusudia mahali palipo mbali kiasi hicho, safari yake imeanza pale anapoyaacha nyuma majumba ya mji wake. Mtu akaaye kisiwani Mombasa asidhani kwamba kupanda feri ya Likoni kwatosha, kwa sababu majumba ya mji yameendelea ng'ambo. Tuonavyo sisi, angoje mpaka ayapite. Na arudipo, hukumu ya safari itamwondokea hapo hapo ilipomwanzia.

Wako watu wasemao: "Rukhsa hizi zilikuwa za watu wa ngamia na jua kali. Mimi nimekaa juu ya kiti laini, napulizwa na upepo wa mashine. Nina mashaka gani?" Hoja hii si mpya. Sayyidna Umar (r.a.) aliulizwa mbona watu wanapunguza sala na hali aya ya Suratun-Nisaa imetaja khofu, na khofu imekwisha. Akajibu kuwa yeye mwenyewe alilistaajabia jambo hilo hata akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamfahamisha kuwa hiyo ni sadaka aliyowapa Mwenyezi Mungu, basi waipokee. Atakaye kutimiza rakaa nne, sala yake ni sahihi katika madhehebu yetu. Lakini asiione rukhsa kuwa ni upungufu wa dini, na huku twamwona huyo huyo wa kiti laini akifika Dar es Salaam na Adhuhuri na Alasiri zote mbili zimempita.

Hapa ndipo penye msiba. Abiria huondoka Mombasa asubuhi, akala njiani, akanunua machungwa dirishani, akashuka akajisaidia, na jioni asema hakupata nafasi ya kusali. Rakaa mbili na mbili hazichukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Akishuka mahali wakati wa Adhuhuri umekwisha kuingia, asali Adhuhuri mbili, kisha aifuatishe Alasiri mbili pasina kukawia, na nia ya kuzikusanya aiweke ndani ya ile ya kwanza. Akijua kwamba basi halitasimama ila wakati wa Alasiri, basi na atie nia moyoni, kabla wakati wa Adhuhuri haujatoka, kwamba ataiakhirisha aisali pamoja na Alasiri. Nia hii ndiyo wengi huisahau. Mwenye kuiacha bila ya nia mpaka wakati ukatoka amepata dhambi, na sala yake imekuwa kadha. Magharibi na Isha ni mfano huo huo, ila Magharibi haipunguzwi. Lakini mtu asikusanye nyumbani kwake kabla ya kutoka, kwani hajawa msafiri bado.

Na huo mpaka ambao kila mtu aulalamikia, kwa msafiri mwenye kuijali sala ni nafasi njema. Dereva aweza kukataa kusimama mahali pengine pote, lakini mpakani hana budi kusimama, na abiria wote hushuka. Siku hizi ofisi za nchi mbili zimewekwa pamoja upande wa nchi anayoingia msafiri, hivyo hushuka mara moja badala ya mara mbili. Basi abiria na ashuke hali ana udhu wake, au achukue chupa ya maji, na wakati ukiwa umeingia asali kwanza kando ya foleni, kisha asimame katika foleni. Wakiwa wanne watano wasali jamaa. Akina mama nao wasione haya kumwambia utingo kwamba wanataka kusali. Yeye husimamisha basi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Ikiwa dereva amekataa kabisa, na sala yenyewe haina ya kukusanywa nayo, nayo ni Alfajiri, mtu asiiache ikatoka. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisali sunna juu ya mnyama wake popote anapoelekea, na akitaka kusali faradhi hushuka akaelekea kibla. Kwa hivyo faradhi ya kukaa kitini haikutimia masharti yake. Wanavyuoni wetu wamesema: asali kama awezavyo kwa kuuheshimu wakati, kisha airudie akishuka. Jambo hili limekuwa kubwa zaidi kwa mabasi ya usiku, yale ya Nairobi na Kampala, na ya Tanzania vilevile tangu yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Wakati wa Alfajiri ni saa moja na kitu tu, na mtu amejifunika shuka mpaka usoni.

Aendaye Kampala ajue pia kwamba ratiba ya sala ya Mombasa haimfai huko. Saa za ukutani ni zile zile, lakini jua la Kampala huchelewa kutua karibu nusu saa kuliko la Mombasa. Mwenye saumu akifuturu kwa ratiba ya kwao atakuwa amekula mchana.

Limebaki neno moja la mpakani. Wako wanaonunua kadi ya homa ya manjano bila ya kuchanjwa, na wanaomwambia afisa wa forodha "sina kitu" na mzigo uko chini ya kiti. Na huyo huyo utamwona amefunga hirizi ya safari mkononi, na dua ya kupanda kipando, ambayo imo katika Qur'ani, haijui. Uwongo huu ni dhambi iliyofanywa ndani ya safari: rukhsa ya kupunguza haimwondokei, na dhambi yake iko pale pale. Ama yule ambaye safari yenyewe aliikusudia kwa maasi, kama kuvusha bangi au mali ya wizi, huyo katika madhehebu yetu hana rukhsa. Atasali rakaa nne, na kila sala kwa wakati wake, mpaka atubu.

Mas'ala ya mwanamke kusafiri kwa basi bila ya maharimu, ambayo nayo tuliulizwa, yataka maelezo marefu. Tutayaleta katika darsa ijayo inshaallah.