Ilimu ya Samaki katika Nchi ya Chai

Mtaalamu aliyewatafiti samaki wa matumbawe, kisha wa mito ya Nyanza, awajibu wasomaji wa Kericho na Bomet.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa Litein. Je, Daktari, ili niwe mtafiti wa samaki, ni lazima nihamie Mombasa?

Jibu: Mwanangu, atakaye kuwajua changu na tewa hana budi kuiendea pwani, yaliko makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliyoasisiwa mwaka 1979; lakini taasisi hiyo ina kituo Kisumu pia, na kwa kuwa maji ya Itare na Kipsonoi huishia katika mto Sondu-Miriu, unaomiminika katika Ghuba ya Winam, kazi hii waweza kuianzia nyumbani.

Swali: Milima yetu yamhusu nini mvuvi wa ziwani?

Jibu: Yamhusu sana. Samaki aitwaye ningu, mvua za masika zinyeshapo, huliacha ziwa akapanda mtoni kutaga mayai katika nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Basi msitu wa Mau ukatwapo, na udongo ukateremka pamoja na maji, mayai hayo huzikwa topeni. Ama chai yenyewe tusiidhulumu: majaribio yaliyoanzwa mwaka 1958 katika bonde la Sambret, karibu na Kericho, yalionyesha kwamba hatari kubwa ya mmomonyoko ni wakati ardhi iwapo tupu, na kwamba michai ikisha kufungana, udongo hupata sitara.

Swali: Basi kupungua kwa ningu ni dhambi ya wakulima?

Jibu: La, wavuvi nao wana sehemu yao, kwani nyavu zilizotandwa milangoni mwa mito ziliwanasa wazazi kabla ya kutaga, na kizazi kisichozaliwa hakuna sheria iwezayo kukirudisha.

Swali: Umri wa samaki hujulikanaje?

Jibu: Sikioni mwake mna vijiwe; tukikikata kimoja na kukitazama kwa hadubini, twaona miduara ya ukuaji, ijapokuwa katika nchi zetu, zisizo na baridi kali, aghalabu huwa hafifu, na kuisoma kwataka subira.

Swali: Nianze na nini?

Jibu: Anza na hesabu, maana idadi ya samaki hukadiriwa, haionwi, kisha chukua daftari, uandike kila wiki kimo na rangi ya maji ya mto ulio karibu nawe, kwani kumbukumbu za mito midogo ni adimu, na mtafiti yeyote atakayekuja atazihitaji.