Kompyuta Isipowaka, Tuokoe Kazi Kwanza

Msimu wa tasnifu, wenzangu hapa Lubumbashi huniletea kompyuta ndogo zilizogoma kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Fundi mwenye haraka huweka Windows upya: mashini inapona, lakini sauti za wazee tulizorekodi kwa Kiswahili cha Katanga zimefutika.

Utaratibu wangu ni huu. Chomoa chaja; betri ikiwa ya kutoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha chaja peke yake, kisha washa. Hakuna taa? Jaribu chaja nyingine ya aina hiyo hiyo. Taa ipo lakini kioo ni cheusi? Kimulike kwa tochi: ukiona maandishi hafifu, kilichokufa ni mwanga wa kioo tu.

Jina la mtengenezaji likitokea kisha mashini ikakwama, mara nyingi tatizo ni diski au mfumo. Washa kwa flashi yenye Linux, chagua kujaribu, si kusakinisha, unakili mafaili kwenye flashi ya pili. Diski iliyofungwa kwa BitLocker hudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike leo kwenye karatasi. Diski ikigongagonga, zima: kila ukiiwasha unaizidishia madhara.

Historia ya mji wetu aliyoikusanya André Yav kwa Kiswahili mwaka 1965 imetufikia kwa sababu ilitolewa nakala. Rekodi zetu nazo zinataka nakala ya pili, nje ya mashini.