Kuitazama na Kuieleza Ngozi Iliyobadilika: Kijitabu cha Kaya

Katika zahanati za Kasoli, wilayani Bariadi, kama kwingineko mkoani Simiyu, mgonjwa wa ngozi hujieleza mara nyingi kwa neno moja tu, kwamba ametokwa na vipele, na mhudumu hulazimika kuuliza upya kila kitu, kwa sababu neno hilo hutumika kwa joto la mtoto mchanga, kwa tetekuwanga na hata kwa upele wenyewe, ambao ni ugonjwa unaoletwa na kidudu kinachochimba tabaka la juu la ngozi na kuwasha zaidi usiku. Kaya inayojua kueleza umbo la badiliko, mahali lilipoanzia na jinsi lilivyoenea humsaidia mhudumu kuliko ile inayofika ikiwa imekwisha kulipa jina la ugonjwa.

Uchunguzi huanza kwa kuosha vumbi, kukaa kwenye mwanga wa mchana na kupitisha ncha ya kidole juu ya ngozi. Badiliko la rangi lisiloinuka wala kubonyea huitwa doa likiwa dogo, na baka likizidi sentimita 1, ambayo ni takribani upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kilichoinuka, kigumu na kisichofikia kipimo hicho ni kipele. Kilichoinuka na kutanda kwa upana kinaweza kuitwa bamba. Na kinachosikika kama gololi ndani ya ngozi au chini yake ni nundu. Kikijaa maji maangavu ni lengelenge, kikijaa usaha ni kipele cha usaha, na pale ngozi ilipolika hata kuacha shimo, hapo pana kidonda.

Hayo ni mabadiliko ya mwanzo, nayo hayakai yalivyo, kwa maana kujikuna, vijidudu na dawa za kujinunulia huyageuza: ngozi hutoa magamba makavu, maji ya lengelenge lililopasuka hukauka na kuwa gaga, na sehemu inayokunwa kwa miezi huwa nene na nyeusi. Hatari kubwa zaidi ni krimu za kupunguza mwasho zinazonunuliwa bila ushauri, kwa kuwa nyingi zina dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hutuliza mashilingi kwa siku chache na kufuta ukingo wake wa duara wenye magamba, huku fangasi wakiendelea kusambaa chini yake. Aliyekwisha kupaka chochote, iwe krimu au majani, anapaswa kukitaja, na ikiwezekana aende na kopo lake.

Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ndiyo maana huzungumzia wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi uvimbe wenye moto huonekana wa zambarau, wa kahawia iliyokoza au wa kijivu, na pengine hutambulika kwa joto tu, mtu akiugusa kwa mgongo wa kiganja. Kuwafunza wahudumu kuisoma ngozi ya watu wa huku ni kazi inayofanywa tangu 1992 na kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Mpangilio nao husema mengi. Malengelenge yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili ni dalili ya mkanda wa jeshi. Ya tetekuwanga hutapakaa, mengine yakichipuka wakati mengine yamekwisha kuwa gaga. Vipele vya upele hupenda katikati ya vidole, viwikoni na kiunoni. Na ngozi inayochubuka mikononi na mgongoni mwa mtu aliyebeba bomba la kupulizia dawa ya pamba huelekeza kwenye dawa hiyo.

Lakini badiliko linalostahili kuangaliwa kuliko yote ni baka lililofifia rangi, lisilowasha wala kuuma, kwa sababu huenda likawa ukoma. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kuhesabiwa kuwa ukoma si tena tatizo kubwa la afya ya jamii, ila wagonjwa wapya wangali wanapatikana. Kipimo chake cha kwanza kinatumia zao la Bariadi lenyewe: mgonjwa hufumba macho, ncha ya uzi wa pamba uliosokotwa hugusa ngozi nzima na kisha baka, naye huonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Asipohisi kwenye baka, mishipa ya fahamu imeanza kudhurika. Mhudumu huhesabu pia mabaka, kwani mwenye 1 hadi 5 kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na mwenye 6 au zaidi kwa miezi 12.

Dawa za ukoma hutolewa bila malipo duniani kote tangu 1995, na zikianza mapema huzuia ulemavu wa vidole na macho. Mwenye baka lisilohisi asingoje liume. Aende zahanati wiki hiyo hiyo, na wote anaoishi nao, watoto wakiwemo, wafuatane naye wakachunguzwe.