Kuagana Ughaibuni: Dua, Amana na Deni

Ndugu mwanafunzi, wengi wetu wa Kasese na Bwera tuna kaka au dada anayefanya kazi Saudia au Imarati. Mkataba ukiisha, hufika siku ya kuwaaga wale aliolala nao chumba kimoja na kufuturu nao sinia moja.

Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimwambia msafiri asogee, amuage kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiwaaga maswahaba. Katika dua hiyo anayebaki humkabidhi Mwenyezi Mungu mambo matatu ya msafiri: dini yake, amana yake na mwisho wa amali zake. Al-Khattabi ameeleza kuwa amana hapa ni jamaa anaowaacha na mali aliyoiweka kwa mwaminifu wake.

Sasa tazama anayerudi Kasenyi, kando ya Ziwa George. Wenzake humbebesha bahasha na mizigo: hii ya mama Bwera, ile ya mdogo wangu Mpondwe. Zote ni amana (An-Nisaa 58). Kuchota humo hata nauli ya kutoka Entebbe bila idhini ni khiyana, ijapokuwa amenuia kurudisha. Aandike majina na kiasi mbele ya aliyempa, kabla ya hizo picha za uwanja wa ndege.

Deni ni zito zaidi. Katika Sahihi Muslim, shahidi husamehewa yote isipokuwa deni. Basi "nisameheni nyote" ya kwenye kundi la WhatsApp haitoshi. Mwendee mwenyewe, mtajie kiasi, ili akisamehe asamehe anachokijua. Ukishindwa kulipa, wekeni tarehe, andikeni na mshuhudishe wenzenu wa chumbani, kama Al-Baqara 282 inavyoelekeza. Ndipo muombeane dua.