MTUHUMIWA SI MKOSAJI

Naandika juu ya jambo lililotugawanya muhula huu katika chama chetu cha majadiliano. Hoja ilikuwa hii: "Anayeshitakiwa kwa ugaidi asipewe haki za mshitakiwa mwingine." Mimi niliwekwa upande wa kuiunga mkono. Nilitaja mabomu ya Kampala ya mwaka 2010, kisha nikamaliza kwa methali: pafukapo moshi pana moto. Ukumbi mzima ulipiga makofi, tukashinda kwa kura nyingi. Tangu siku ile nimesoma zaidi, na sasa naona kwamba tulishinda kwa makelele. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwanza tuelewe maana ya jambo lenyewe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 28, inasema kwamba mtu aliyeshitakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo, au mpaka yeye mwenyewe akiri kosa. Hii si kusema kwamba mahakama humwona mshitakiwa kuwa mtu mwema. Wala si kusema kwamba polisi wasimkamate, au kwamba asiwekwe rumande. Maana yake ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko juu ya yule anayeshitaki. Yeye ndiye aliyesema. Basi na aonyeshe. Mshitakiwa aweza kunyamaza kimya tangu mwanzo hata mwisho, na kama upande wa mashitaka haukuondoa kila shaka ya maana, lazima aachiliwe. Uingereza kanuni hii ilitiwa nguvu mwaka 1935, katika kesi ya kijana mmoja mfanya kazi wa shamba, jina lake Woolmington, aliyeshitakiwa kwa kumwua mkewe. Nchi nyingi zilizofuata sheria za Kiingereza zinayo, na yetu ni mojawapo.

Sasa natoa mfano. Nimeuchagua kutoka Uingereza kwa kuwa huko ndiko kanuni ilikotufikia, na huko huko ilishindwa kuwalinda watu siku ilipohitajiwa zaidi.

Usiku wa tarehe 21 Novemba 1974, mabomu yalilipuka katika baa mbili za mji wa Birmingham. Watu 21 walikufa, na zaidi ya 180 waliumia. Siku zile jeshi la siri la Ireland, lililoitwa IRA, lilikuwa likipigana na serikali ya Uingereza. Jioni ile ile Waireland watano waliokaa Birmingham walikuwa wamepanda gari la moshi kwenda bandari ya Heysham, ili wavuke bahari mpaka Belfast kwa mazishi ya mtu wa IRA waliyemfahamu. Njiani walicheza karata. Walipofika bandarini polisi wakawakamata. Wa sita, aliyewasindikiza stesheni tu, akakamatwa baadaye. Watu wa Uingereza walikuwa na hasira kali. Siku nane tu baada ya mabomu, sheria mpya ya ugaidi ilikuwa tayari, nayo iliruhusu mtu kuzuiwa hata siku saba bila kushitakiwa.

Mahakamani ushahidi mkubwa ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, wanne kati yao walikuwa wametia sahihi maungamo. Wao walisema kwamba walipigwa na kutishwa mpaka wakatia sahihi. Pili, mtaalamu mmoja aliipima mikono yao kwa dawa, akasema ana hakika kwamba baadhi yao walishika kitu cha kulipulia. Mwaka 1975 wote sita walihukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1980 watu hao walitaka kuwadai polisi kwa kupigwa. Jaji Denning, mwenye sifa kubwa katika Uingereza yote, alikataa kesi isiendelee. Alisema kwamba kama wangeshinda, ingekuwa maana yake polisi walisema uongo na kuwatesa watu, na jambo hilo lilimtisha mno hata asiweze kulikubali. Fikirini, wasomaji: mlango ulifungwa kwa sababu ukweli ulikuwa wa kutisha.

Lakini ukweli ulikuwa huo huo. Wataalamu wengine walionyesha kwamba dawa ile huweza kutoa jibu lile lile mtu akishika vitu vya kawaida, na karata ni mojawapo. Karatasi za polisi zilipochunguzwa upya, zikaonekana hazikuandikwa jinsi walivyoapa. Tarehe 14 Machi 1991 wale sita waliachiliwa, baada ya miaka 16 gerezani.

Niliposoma habari hii niliikumbuka methali yangu, nikaona haya. Moshi ulikuwapo, lakini ulitoka kwenye karata.

Wenzangu watasema, "Ugaidi ni kosa kubwa kuliko yote. Je, tuwahurumie wauaji?" Najibu hivi. Akishitakiwa mwizi wa kuku, ni rahisi watu kusubiri. Lakini wanapouawa watu 21, kila mmoja anataka aonyeshwe mtu wa kulaumiwa leo, si kesho. Hapo polisi husukumwa, mtaalamu husukumwa, na jaji naye ana masikio. Basi kosa likizidi kuwa kubwa, ndivyo kanuni hii inavyozidi kuhitajiwa. Tena, mtu asiye na hatia akifungwa, mwenye hatia hubaki nje. Katika habari ya Birmingham hakuna mtu mwingine aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Jamaa za wale 21 walipewa watu wa kuwachukia, hawakupewa haki.

Wala msifikiri kwamba mahakama ikifuata kanuni hii wauaji wote watapona. Turudi Kampala. Mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Watu 13 walisimama mbele ya Jaji Owiny-Dollo. Kesi ilipokuwa ikiendelea mwaka 2015, Bibi Joan Kagezi, aliyeongoza upande wa mashitaka, aliuawa kwa risasi. Hasira haikukosekana. Hata hivyo, mwezi wa Mei 2016 jaji alipima ushahidi wa kila mtu peke yake. Wanane walionekana na hatia, na watano kati yao walipata kifungo cha maisha. Watano wengine hawakuonekana na hatia ya mashitaka yale. Katika majadiliano niliwataja wale wanane tu. Wale watano sikuwataja, kwa kuwa wangeiharibu hoja yangu.

Sisi tunaosoma Maandiko tunajua kwamba Nikodemo aliwakumbusha wakuu wenzake wasimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, nao wakamdhihaki. Kusema neno hilo mbele ya watu wenye hasira si jambo jepesi. Miongoni mwa wanafunzi wetu wa zamani wamo mawakili na polisi. Wao wanajua zaidi kuliko mimi, nami nitafurahi wakinisahihisha katika toleo lijalo. Nanyi wenzangu, nimemwomba katibu wa chama airudishe hoja ile muhula ujao. Safari hii nitakaa upande wa pili, hata kama sitapigiwa makofi. Hasira, hasara.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita